Kutuliza aina mpya ya nyanya kuanzia F2: nafasi ni ya mimea ishirini tu

Kitalu_Kidogo ameuliza:

Salaam kwenu nyote. Nilichavusha kwa mkono aina mbili za nyanya ambazo kila moja imekwisha kutulia, yaani mbegu zake huzaa mimea inayofanana nayo, nikaotesha kizazi cha kwanza, yaani F1, na sasa nina mbegu za kizazi cha pili, yaani F2, ambazo bado sijazisia. Ninaomba ushauri kabla ya kuanza, kwa sababu bustani yangu inatosha mimea ishirini tu ya kukua hadi kuzaa, ingawa kwenye kitalu ninaweza kuotesha miche mia moja bila shida.

Mama ana jani pana lisilo na meno, linalofanana na jani la kiazi mviringo. Matunda yake ni mekundu, yana uzito wa takriban gramu 200 na ladha nzito sana, lakini ni machache na hupasuka. Baba ana jani la kawaida la nyanya, huzaa mno, na matunda yake ni ya njano yenye uzito wa gramu 20 hivi, ila ladha yake ni nyepesi. Mimea yote ya F1 ilitoa jani la kawaida na matunda mekundu, tena madogo kuliko nilivyotarajia.

Ninachotafuta ni nyanya ya njano, ya ukubwa wa wastani, yenye ladha ya mama na uzazi unaokaribia ule wa baba. Je, mimea ishirini inatosha kwa kazi hii, au nitakuwa ninabahatisha? Ikiwa mmea mmoja wa F2 utatoa matunda matamu kupita yote lakini yakawa mekundu, niutupe? Na ni katika kizazi kipi ambapo mtu anaweza kusema kwa haki kwamba mbegu yake imetulia?

Mbegu_na_Miche amejibu:

Ndugu Kitalu_Kidogo, jani la F1 linaonyesha kwamba uchavushaji wako ulifaulu. Jani la kiazi ni sifa inayojificha, yaani huonekana pale tu mmea unapokuwa umeirithi kutoka pande zote mbili. Laiti ua la mama lingekuwa limejichavusha lenyewe kabla hujaondoa stameni, yaani sehemu za ua zinazotoa chavua, miche yote ingekuwa na jani la kiazi kama yeye. Ndiyo maana wazoefu hupenda kumtumia mwenye jani la kiazi kuwa mama: mche unajieleza wenyewe ungali kitaluni, kabla hujapoteza msimu mzima.

Rangi ya njano ya baba nayo ni sifa inayojificha. Kwa kuwa F1 ilibeba nakala moja ya jeni ya wekundu kutoka kwa mama na moja ya njano kutoka kwa baba, wekundu ulishinda. Katika F2 nakala hizo zinagawanyika upya, na kwa wastani mmea mmoja kati ya minne utazaa matunda ya njano. Neno "wastani" ndilo linalowaponza wengi, kwani mimea minne haikuhakikishii chochote. Ukitaka uhakika wa asilimia 95 kwamba utapata angalau mmoja wenye sifa moja inayojificha, otesha mimea 11. Ukitaka sifa mbili kama hizo zikutane kwenye mmea mmoja, otesha 47. Na kwa sifa tatu utahitaji 191. Hapo unaona kwa nini mwenye bustani ndogo hapaswi kutaka kila kitu katika F2.

Hata hivyo, kitalu chako cha miche mia ni mali kubwa. Ikiwa unalipenda jani la kiazi, sia mbegu 80 au zaidi, subiri mpaka majani halisi ya tatu na ya nne yatokee, kisha ng'oa miche yote yenye meno kwenye majani. Utabaki na miche kama ishirini ya jani la kiazi, na sifa hiyo itakuwa imetulia moja kwa moja, kwa sababu mmea wowote unaoonyesha sifa inayojificha hauna nakala nyingine ya kuja kuitoa baadaye. Kati ya hiyo ishirini, mitano hivi itakuwa ya njano. Ungepanda mimea ishirini bila kuichuja, ungetarajia mmoja tu, au miwili ukijaliwa, yenye sifa zote mbili.

Kuhusu mmea mwekundu mtamu, usiutupe hata kidogo. Kati ya mimea mitatu myekundu ya F2, miwili inabeba unjano uliojificha. Kausha mbegu zake, otesha chache katika F3, na ikiwa mmea ulikuwa miongoni mwa hiyo miwili, robo ya watoto wake watakuwa wa njano. Unjano utarudi kwa kuusubiri kizazi kimoja tu, ilhali ladha ni mkusanyiko wa jeni nyingi ambazo huenda zisikutane tena namna ile.

Ukubwa wa matunda ya F1 haupaswi kukushangaza. Katika nyanya udogo wa tunda huelekea kushinda ukubwa, na chotara mara nyingi huangukia karibu na kipeuo cha pili cha zao la uzito wa wazazi wake. Zidisha 200 kwa 20, upate 4,000, ambayo kipeuo chake cha pili ni 63. Kama F1 yako ilikuwa na matunda ya gramu 60 hivi, kila kitu kilikwenda ipasavyo, na tunda la wastani unalolitaka halitakuwa adimu katika F2. Tunda la gramu 200 ndilo lingekuwa adimu.

Sasa suala la vizazi. Mnyanya hujichavusha wenyewe, na kila kizazi kinachojichavusha hupunguza kwa nusu sehemu ya jeni ambazo bado zina nakala mbili tofauti. Kati ya jeni ambazo wazazi wako walitofautiana, F2 ina asilimia 50 ambazo hazijatulia, F3 ina 25, F4 ina 12.5, F5 ina zaidi kidogo ya 6, na F6 ina 3 hivi. Wengi huridhika kati ya F6 na F8. Hata taasisi zenye mashamba makubwa zilichukua miaka: aina ya Rutgers ya Marekani ilitokana na mchavusho wa mwaka 1928 na ikatolewa kwa wakulima mwaka 1934. Habari njema ni kwamba mbegu ya nyanya iliyosafishwa haihitaji kupumzika. Ikishakauka, au hata kabla, unaweza kuisia, kwa hiyo mahali ambapo joto linaruhusu, vizazi viwili kwa mwaka si ndoto.

Bustani_Darasa amejibu:

Ninakubaliana na hesabu za Mbegu_na_Miche, lakini ushauri wa kuchagua jani la kiazi ninaomba usifuatwe kabla muulizaji hajajibu swali moja. Je, baba ni mnyanya mrefu unaoendelea kukua msimu mzima, au ni ule mfupi unaofika kimo fulani ukakoma?

Ninauliza kwa sababu jeni ya jani la kiazi na jeni ya ufupi zimekaa jirani sana kwenye kromosomu ya 6, na jeni zilizokaa jirani hivyo hurithishwa pamoja karibu kila mara. Ikiwa mama ni mrefu mwenye jani la kiazi na baba ni mfupi mwenye jani la kawaida, basi jani la kiazi limefungamana na urefu, na ufupi umefungamana na jani la kawaida. Ukibakiza miche ya jani la kiazi peke yake, umebakiza mirefu mitupu, tena karibu yote isiyobeba ufupi hata kwa kujificha. Na usipobebwa, hakuna idadi ya vizazi itakayourudisha.

Kwa maoni yangu, kuchuja miche kitaluni ni jambo jema pale tu unapojua kitu kingine kinachotupwa pamoja na hicho unachokitupa. Hakuna mlaji anayelijali jani.

Kitalu_Kidogo ameandika tena:

Ninawashukuru nyote wawili. Baba ni mfupi, na mimea ya F1 ilikuwa mirefu yote. Sikuutaja ufupi kwa sababu nilidhani hautanisumbua, lakini kusema kweli ningeupendelea sana, kwani mimea mirefu inahitaji miti ya kuegemea na kamba, na nafasi yangu ni finyu. Jani la kiazi silihitaji. Je, kitalu kinaweza bado kunisaidia, au nirudi kwenye kubahatisha na mimea ishirini?

Bustani_Darasa amejibu:

Kitalu kitakusaidia vilevile, ila kwa kuigeuza kanuni ile juu chini. Sia mbegu 96 hivi. Majani yakishajitambulisha, ng'oa miche yote ya jani la kiazi, ambayo itakuwa kama 24, kwa kuwa tunajua ni mirefu isiyo na tumaini. Utabaki na miche 72 ya jani la kawaida. Theluthi moja ya hiyo, yaani 24 hivi, ni mifupi halisi, na theluthi mbili ni mirefu inayobeba ufupi kwa siri.

Mifupi haitambulikani kwa jani, lakini hutambulika kabla ya kuzaa. Hamishia miche hiyo 72 kwenye viriba vidogo, uiache ibanane, na usiipeleke bustanini mpaka kichala cha pili cha maua kionekane. Mnyanya mrefu kwa kawaida huweka majani matatu kati ya kichala kimoja cha maua na kinachofuata. Mnyanya mfupi huweka moja au mawili, na baadaye shina lake huishia kwenye kichala cha maua badala ya kuendelea kupanda. Ukihesabu majani kati ya vichala, utawajua walio wengi. Wale utakaowatilia shaka wasubirishe wiki moja zaidi.

Ukipata mifupi 24, chagua ishirini iliyo na afya na uipande. Ufupi nao ni sifa inayojificha, kwa hiyo kuanzia hapo hutaufikiria tena: mfupi huzaa wafupi. Na robo ya ishirini hiyo, mitano kwa wastani, itazaa matunda ya njano. Uwezekano wa kutopata hata mmoja wa njano kati ya ishirini ni chini ya asilimia moja. Umefika palepale alipokupeleka mwenzangu, lakini ukiwa umeshika sifa unayoihitaji badala ya umbo la jani.

Mbegu_na_Miche amejibu:

Marekebisho hayo ninayapokea kwa moyo mmoja, maana nilijibu bila kukijua kimo cha baba. Ninaongeza kidogo tu: miche iliyokaa muda mrefu kwenye kiriba hudumaa, kwa hiyo usiipime kwa uzazi wa kichala cha kwanza. Upe kila mmea nafasi ya kujirekebisha baada ya kuhamishwa, ndipo uanze kuandika chochote kuhusu mavuno.

Ukoo_wa_Mbegu amejibu:

Wenzangu wameeleza vizuri sifa ambazo jeni moja inazitawala. Mimi ninataka kuzungumzia zile ambazo kwa kweli ndizo zilizomfanya muulizaji aanze kazi hii, yaani ladha, ukubwa na wingi wa matunda, kwa sababu hizo hazifuati robo wala theluthi. Kila moja inatawaliwa na jeni nyingi, na juu ya jeni hizo kuna udongo, maji, jua na kivuli cha ukuta. Mmea wa F2 uliozaa kuliko wenzake huenda ulikuwa na jeni bora, na huenda ulikuwa kwenye pembe iliyopata samadi nyingi. Kwa kuutazama huo peke yake, hutajua ni lipi kati ya hayo mawili.

Kwa hiyo, kuanzia F3, hukumu koo, yaani watoto wote wa mmea mmoja kwa pamoja, badala ya kuhukumu mmea mmojammoja. Tuseme umepata mimea mitano ya njano katika F2. Kishawishi kitakuwa kuchagua mmoja uliokufurahisha na kupanda watoto wake ishirini. Usifanye hivyo. Panda watoto wanne kutoka kwa kila mmoja wa wale watano, kisha watawanye bustanini, wasipangwe kwa safu ya ndugu kwa ndugu, ili sehemu yenye rutuba isimpendelee yeyote. Ukoo ambao watoto wake wote wanne ni wazuri kiasi una thamani kuliko ukoo wenye mtoto mmoja wa ajabu na watatu wa hovyo, kwa maana wa kwanza umethibitisha kwamba uzuri wa mzazi ulirithika. Yule wa ajabu mtunzie mbegu, umpe nafasi ya kuthibitisha katika F4. Na kama mmea mwekundu mtamu ulijitokeza katika F2, punguza mtoto mmoja kwenye koo mbili au tatu ili nao upate mahali.

Tenga pia nafasi moja kwa mama na moja kwa baba kila msimu, hata kama roho inakuuma kupoteza sehemu mbili kati ya ishirini. Msimu wa mvua nyingi hupoozesha ladha ya kila nyanya, na bila wazazi pembeni utadhani uteuzi wako umerudi nyuma ilhali ni maji tu. Unapoonja, onja matunda ya kiwango kimoja cha kuiva, kutoka vichala tofauti vya mmea, na mwombe mtu mwingine akuletee vipande bila kukuambia vimetoka wapi. Ulimi wa mwenye mbegu una upendeleo.

Kuna jambo moja ambalo huenda lisikupendeze. Sukari ya tunda hutengenezwa na majani, na mnyanya mfupi kwa maumbile yake una majani machache kwa kila tunda kuliko mrefu. Ukitaka ufupi, uzazi wa baba na ladha ya mama kwa pamoja, unaviomba vitu vinavyogombania chakula kimoja. Haimaanishi kwamba haiwezekani kupata mmea mfupi mtamu, ila itakubidi uamue mapema ni kipi utakachokipunguza. Mimi ningepunguza wingi. Nyanya fupi zinazozaa sana zimejaa duniani na mtu anaweza kuzipata bila kuhangaika miaka mitatu, lakini fupi yenye ladha nzito ndiyo inayostahili taabu hii.

Kuhusu kujichavusha, usizichukue mbegu kwa imani tu. Katika minyanya mingi stigma, yaani sehemu ya ua inayopokea chavua, imejificha ndani ya mrija wa stameni, kwa hiyo nyuki hawaleti chavua ya jirani ila kwa nadra, lakini baadhi ya aina za matunda makubwa na za jani la kiazi huchomoza stigma nje ya mrija, na mama yako anaweza kuwa miongoni mwao. Kagua maua ya kila mmea uliouteua. Kwa vyovyote vile, funika kichala kimoja kwa mfuko wa chandarua kabla maua hayajafunguka, kitikise taratibu nyakati za asubuhi ili chavua imwagike, ondoa mfuko matunda yakishashika, na ufunge uzi kwenye kikonyo ili uyajue. Mbegu za kuendeleza ukoo zitoke kwenye matunda yenye uzi peke yake. Zichachushe kwenye maji yake kwa siku mbili au tatu mpaka ute utoke, zisuuze, uzianike kivulini.

Kitalu_Kidogo ameandika tena:

Nimeelewa, na hoja ya koo imebadilisha mpango wangu wote. Limebaki swali langu la awali: nitajuaje kwamba imetulia, mbali na kuhesabu vizazi?

Ukoo_wa_Mbegu amejibu:

Vizazi hukuambia kiasi cha mchanganyiko kinachotarajiwa kubaki, na mimea ndiyo itakayokuonyesha kilichobaki kwa kweli. Ukifika F5 au F6, punguza koo hadi moja au mbili na upande mimea kumi au zaidi ya kila ukoo. Ikiwa kimo, siku za kuanza kuiva, umbo la tunda, rangi ya ngozi na ya nyama vinafanana, na tofauti zilizobaki ni zile ambazo ungeziona hata kati ya mimea ya aina ya zamani iliyopandwa bustani moja, mbegu imetulia kwa matumizi ya watu.

Sifa zinazoshinda ndizo za kuangaliwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu mmea unaweza kuzionyesha huku umebeba kinyume chake. Chukua jani la kawaida: mimea yako mifupi inatarajiwa kuwa nalo kwa nakala zote mbili, lakini jeni jirani huachana mara mojamoja, na jani la kiazi linaweza kuchungulia baadaye. Hilo halihitaji bustani. Otesha trei ya miche ya ukoo huo na uitazame majani. Kwa sifa yoyote ya namna hii, ukipata watoto 11 bila hata mmoja mwenye kinyume chake, una uhakika wa takriban asilimia 96 kwamba mzazi hakuwa amebeba kinyume hicho, na kwenye trei unaweza kuotesha 30 kwa urahisi uleule.

Mwisho, kila pakiti iandikwe kizazi, namba ya ukoo na namba ya mmea, kwa mfano F4-2-3, kwamba ni mbegu za F4 zilizotoka kwenye mmea wa tatu wa ukoo wa pili, na usisie pakiti yote. Mbegu ya nyanya ikikaushwa vizuri na kuwekwa mahali pakavu penye ubaridi huota hata baada ya miaka kadhaa. Ukoo ukikuangusha katika F5, utaweza kurudi kwenye F3 na kushika njia nyingine badala ya kuanza tena na kibano na ua la mama.